Barua ya wazi: Kulikuwa na nevi kabla ya nevi

Likoni, Mombasa

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya ulinzi wa nchi, ya nyaraka za taifa na ya makumbusho

KUH: HISTORIA YA JESHI LETU LA WANAMAJI NA YA VIONGOZI WA KIRAIA WALIOLISIMAMIA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu kutoka Likoni. Mimi ni raia wa kawaida, nina kaduka ka spea za mashine za boti huku ng'ambo, si mwanahistoria wala mwanasiasa, na wala sikutaka haya mambo yafike hadharani. Nilianza kwa adabu kama tulivyofundishwa. Nimeandika barua tatu kuuliza habari za mabaharia wetu wa kabla ya uhuru. Ya kwanza ni miaka miwili sasa, nikaipeleka kwa mkono wangu kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, nikagongewa muhuri kwenye nakala, nikaambiwa nisubiri simu. Simu haikuja. Nilipopeleka ya pili nikaambiwa ile ya kwanza haionekani. Ya tatu, kijana wa mapokezi, na wallahi hakuwa na ubaya wowote maskini, aliisoma yote akaniangalia akaniuliza, "Mzee, kwani kulikuwa na nevi kabla ya nevi?"

Nilipanda feri nikarudi nyumbani sijasema neno. Swali lile ndilo limenifanya niandike hapa ambapo kila mtu atasoma.

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa Royal East African Navy, nevi ya pamoja ya Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Alifariki mwaka 2014 na sanduku lake la bati liko kwangu, chini ya kitanda. Ndani mna utepe mweusi wa kofia ambao herufi zake za dhahabu zimefutika zimebaki tatu tu, mna filimbi ya shaba, mna karatasi ya kuachishwa kazi ya mwaka 1962, na mna picha moja ya wanaume kumi na mmoja wamesimama sitahani, kaptula nyeupe, miguu peku, babu wa pili kutoka kushoto. Nyuma ya picha kuna neno Rosalind na majina yote kumi na moja kwa wino wa buluu. Chumvi ya huku kwetu mnaijua, wino umekula karatasi, majina manne hayasomeki tena. Saba nayasoma. Kuna la Mjaluo, kuna la Mkamba, kuna mawili ya Kipemba, moja la Mganda, mengine ya hapahapa kwetu. Waganda kwenye manowari, leo ukimwambia mtu hataamini.

Sasa naomba niwaeleze yanayoniuma, moja baada ya lingine.

1. Historia inaanzishwa katikati.

Kila sherehe, kila hotuba ninayoisikia, nevi yetu imezaliwa tarehe 15 Desemba 1964, siku ambayo Mzee Jomo Kenyatta aliizindua hapa Mombasa, siku tatu tu baada ya nchi kuwa jamhuri. Siku hiyo ni kubwa na naiheshimu. Lakini tangu miaka ya 1930 Mombasa kulikuwa na kikosi cha wanamaji wa kujitolea cha Kenya, vita vya pili vya dunia vikaja vijana wa Pwani wakafanya doria kwenye bahari hii hii, baada ya vita kikawa kikosi cha pamoja cha Afrika Mashariki, na mwaka 1953 kikapewa jina la Royal East African Navy, makao yake hapa Mombasa, cha Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kilikuwa na meli yake Rosalind, kilikuwa na Mvita. Sasa mtu aliyetumikia humo miaka kumi tumuweke wapi? Hakutumikia Uingereza peke yake, alikuwa analinda mlango wa Kilindini ambao ndio huu huu tunaolinda leo.

Angalieni askari wa nchi kavu. Keya, wale askari wa King's African Rifles wa enzi za ukoloni, wana sanamu zao Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, zimesimama tangu miaka ya 1920, kila mtoto anapita anaziona anauliza ni nani hawa. Halafu ingieni Fort Jesus, mtaona vitu vilivyotolewa chini ya maji kwenye ile meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Nilimpeleka mwanangu, tukatumia saa nzima pale, wapiga mbizi walifanya kazi ya ajabu. Mwanangu akaniuliza ya babu iko wapi. Yaani meli ya Mreno ya miaka zaidi ya mia tatu tumeitafutia kabati la vioo, na baharia wa kwetu ambaye watoto wake wako hai kabati lake ni chini ya kitanda changu.

2. Mwaka 1962 hakuna anayetueleza nani aliamua.

Hili ndilo linaloniuma zaidi na ndilo linawahusu viongozi wa kiraia moja kwa moja. Jeshi lile halikuwa chini ya kamanda peke yake, lilikuwa chini ya East Africa High Commission, yaani magavana, raia, wanakaa Nairobi kilomita karibu mia tano kutoka baharini. Tanganyika ikapata uhuru Desemba 1961, High Commission ikageuzwa ikawa shirika jipya la huduma za pamoja, na tarehe 30 Juni 1962 Royal East African Navy ikavunjwa. Siku moja tu. Babu alisema walipanga mstari, bendera ikashushwa, wakasomewa karatasi, na jioni yake walikuwa wako kwenye kivuko na masanduku yao kama watu waliofukuzwa shule. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mke na watoto wanne. Alikuwa anajua kusoma ishara za bendera na taa, anajua kufunga kila aina ya fundo, akaenda kubeba magunia bandarini.

Na hebu tazameni kilichofuata. Kuanzia siku ile mpaka tarehe 15 Desemba 1964 ni miaka miwili na nusu hivi pwani hii haina nevi yake. Na ndani ya miaka hiyo miwili na nusu ndipo yalipotokea yote: makubaliano ya Mwambao yalitiwa saini Oktoba 1963 kati ya Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Mohammed Shamte, ukanda wa pwani wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, ukaingia Kenya, uhuru ukaja tarehe 12 Desemba, na mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakaja mapinduzi ya Zanzibar, halafu mwezi huohuo askari wakaasi Tanganyika, Uganda na kwetu kwenye kambi ya Lanet, Nakuru. Kipindi ambacho bahari ilikuwa na moto kuliko kingine chochote ndicho tulichokaa bila meli. Waliokaa mezani walifikiria nini? Ilikuwa hela? Ilikuwa siasa za nani amlipie nani? Ilikuwa kwamba kila nchi ilitaka yake? Siwalaumu waliokwisha kufa, nataka kusoma walichoandika. Mtu aliyepoteza kazi kwa uamuzi ule ana haki ya kujua sababu, na kama yeye hayupo basi mjukuu wake yupo.

3. Tunasimuliwa makamanda, hatusimuliwi mawaziri.

Na hata makamanda wenyewe tunasimuliwa kidogo tu. Wangapi huku mtaani wanajua kwamba nevi ya Kenya huru iliongozwa na Waingereza mpaka mwaka 1972, ndipo akashika Mwafrika wa kwanza, Kimaro, ambaye alitolewa jeshi la nchi kavu? Au kwamba ilichukua mpaka mwaka 2000 ndipo mwanamaji, Jenerali Joseph Kibwana, akawa mkuu wa majeshi yote, na baadaye mwaka 2015 akaja Samson Mwathethe? Hayo ni mambo ya kujivunia.

Lakini mwanajeshi hapangi bajeti wala hanunui meli. Anayepanga ni raia. Katiba yetu kifungu cha 239 inasema wazi vyombo vya usalama wa taifa viko chini ya mamlaka ya kiraia, na baraza la ulinzi mwenyekiti wake ni waziri. Kwa hivyo historia ya nevi bila ya hao raia ni nusu. Dkt. Njoroge Mungai alishika ulinzi nusu ya pili ya miaka ya sitini, James Gichuru akashika miaka ya sabini, halafu enzi za Mzee Moi mambo ya ulinzi yakaingia ndani ya ofisi ya Rais yakakaa huko miaka na miaka, yaliyoamuliwa yakaamuliwa huko. Mwaka 2013 akaja Raychelle Omamo, mwanamke wa kwanza kushika wizara hiyo. Kila mmoja alifanya jambo kuhusu bahari au aliacha kulifanya. Lipi?

Mimi kwa kuwa sina mafaili nimejaribu kusoma majina ya meli. Fanyeni na nyinyi. Tatu za kwanza kubwa, zilizoundwa na kampuni ya Vosper kule Portsmouth, Uingereza, mwaka 1966, ziliitwa Simba, Chui na Ndovu. Mwaka 1974 ikaja Mamba. Mpaka hapo ni wanyama. Mwaka 1975 mambo yakabadilika, zikaja Madaraka, Jamhuri na Harambee, yaani sikukuu mbili za taifa na wito wa Mzee Kenyatta mwenyewe umepakwa rangi ubavuni mwa chombo. Mwaka 1987 zikaja za makombora, moja ikaitwa Umoja na nyingine ikaitwa Nyayo, na kila aliyekuwa hai wakati ule anajua Nyayo ilikuwa wito wa Mzee Moi. Mwaka 1994 Galana na Tana, tukaingia kwenye mito. Mwaka 1997 Shujaa na Shupavu. Ukipanga majina hayo kwa miaka unaona mkono wa siasa unavyoingia na unavyotoka, na mkono huo ni wa raia, si wa baharia. Nani alikaa akachagua? Kuna barua? Kuna kumbukumbu za kikao? Mimi naona hiyo ni hazina ya kufundishia shuleni, darasa zima la siasa ya Kenya ndani ya majina kumi na matatu, na tumeliacha. Hata neno lenyewe manowari tulilichukua kwa Waingereza tukalifanya letu kabisa mpaka hatukumbuki lilitoka wapi, sasa tunashindwa vipi kuifanya historia yake iwe yetu?

4. Jasiri.

Nitasema kwa ufupi kwa sababu magazeti yalisema mengi. Jasiri ni meli ya nevi yetu. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2003, bei iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 4.1, chombo kikaundwa Uhispania, malipo yakasimamishwa, Bunge likauliza maswali, na Jasiri ikafika Mombasa mwaka 2012. Miaka tisa. Mtoto aliyezaliwa mkataba ukitiwa saini alikuwa anaingia darasa la tatu au la nne. Na mwaka huohuo wa 2012, alfajiri ya tarehe 28 Septemba, vijana wetu walikuwa wanashushwa ufuoni kule Kismayu, Somalia, kutoka baharini, operesheni ambayo nevi yetu ilikuwa haijawahi kufanya mfano wake. Sitaki kumshtaki mtu hapa, mahakama si kazi yangu. Ninachosema ni kwamba Mkenya akitaka kusoma kisa chote cha chombo kile, mwanzo mpaka mwisho, nani alitia saini, nani alisimamisha, nani aliruhusu tena, akisome mahali pamoja kwa lugha anayoielewa, si kuokota vipande kwenye magazeti ya zamani kama ninavyofanya mimi.

5. Wazee wanaisha.

Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1962 leo amepita themanini. Kwenye ile picha ya babu, kati ya wale saba ninaosoma majina yao, nimefuatilia watano na wote wametangulia mbele ya haki. Wawili sijawapata.

Waheshimiwa, najua nitakayojibiwa kwa sababu mengine nimeshajibiwa dirishani.

Mtasema ni siri za ulinzi. Za leo sawa, sitaki kujua meli iko wapi usiku huu wala rada inaona umbali gani, Mungu awalinde vijana wetu huko waliko. Lakini siri gani ya mwaka 1962? Rosalind imeshakuwa vyuma chakavu. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016, ambayo ni nyinyi viongozi mliipitisha, inasema habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 inachukuliwa kuwa si ya kufichwa isipokuwa ofisi yenyewe ithibitishe vingine. Kwa hivyo mzigo wa kuthibitisha uko kwenu, si kwangu. Na katiba kifungu cha 35 inampa kila raia haki ya kupata habari iliyoko mikononi mwa serikali. Sijaomba fadhila.

Mtasema mafaili yale walichukua Waingereza. Inawezekana kabisa mengi yalibebwa. Lakini tumeshaona jinsi ya kuyapata. Wazee wetu wa Mau Mau walikwenda mahakamani London, na mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakubali kwamba inayo mafaili ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park, kule kwao Uingereza, na mwaka 2013 ikatangaza kuwalipa wazee 5,228. Wazee vikongwe, wengine wanatembelea fimbo, waliyatoa mafaili yale. Serikali nzima yenye ubalozi na mawakili itashindwa kuomba nakala za mafaili ya mabaharia?

Mtasema hela hakuna, nchi ina njaa, hospitali hazina dawa. Nakubali dawa kwanza. Lakini orodha ya majina haijengwi kwa mawe. Karani mmoja, skana moja, chumba kimoja chenye feni, na hiari.

Na kuna ambaye atasema hawa walikuwa watumishi wa mkoloni, wasahauliwe. Huyu naomba nimjibu taratibu. Babu alijiunga akiwa kijana kwa sababu mshahara ulikuwa wa uhakika na kwa sababu alipenda bahari, kama vile mwingine alivyoingia reli na mwingine ualimu, na hakuna anayewaambia walimu wa 1955 kwamba hawakufundisha. Bendera iliyokuwa juu ya mlingoti hakuichagua yeye. Siku Kenya ilipopata uhuru alikesha nje na watu, akarudi sauti imekauka. Mwaka 1964 aliposikia nevi inaanzishwa alipiga pasi suruali yake nyeupe akaenda kuuliza kazi. Aliambiwa wanataka vijana. Alikuwa na miaka thelathini na nne.

Ninayoomba ni haya. Kwanza, mafaili yote yaliyopita miaka 30 yanayohusu wanamaji, kuanzia kile kikosi cha miaka ya 1930 mpaka ununuzi wa meli za 1987 na za mapema miaka ya 1990, yafunguliwe mtu aende ayasome, na kama kuna ukurasa lazima ubaki umefungwa basi tuandikiwe ni upi na kwa nini. Pili, itolewe orodha ya wote waliotumikia Royal East African Navy, wa Kenya, Tanganyika, Zanzibar na Uganda, na muwasiliane na wenzenu wa Dar es Salaam, Zanzibar na Kampala kwa sababu watoto wao wako kule na pengine na wao wana masanduku ya bati. Tatu, iandikwe historia moja kamili ya jeshi hili, kwa Kiswahili, ambayo ndani yake mna magavana, marais na mawaziri na maamuzi yao, mazuri na mabaya, na Jasiri iwemo. Nne, wazee waliobaki wakarekodiwe, na hili halisubiri bajeti ya mwaka ujao, lianze mwezi huu kwa simu ya mkononi kama hakuna kamera. Tano, chumba. Kimoja tu, hapa Mombasa, mahali ambapo mtoto anaweza kuingia bila kupita geti la jeshi.

Na mnijibu kwa maandishi. Sheria hiyohiyo imeweka siku 21.

Mkikubali, sanduku nitalileta mwenyewe, sitaki hata shilingi. Filimbi bado inalia, niliipuliza juzi watoto wakatoka mbio. Picha nimeifunga kwenye nailoni isile unyevu, naomba tu mniruhusu nipige nakala ya kubaki nyumbani kabla sijaikabidhi. Na yale majina manne ya nyuma yasiyosomeka, orodha ikipatikana mtayajua nyinyi kabla yangu, basi mniambie walikuwa kina nani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjukuu wa baharia, Likoni